Kishale kinapepesa, kinaacha mabaki na kuvuka ukingo wa kioo: nikitengeneze vipi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta, naishi Sakina, Arusha. Ninaandika mfumo endeshi mdogo wa kwangu mwenyewe, na sasa umefikia hatua ya kufungua madirisha kupitia seva ya michoro, yaani programu inayochora madirisha yote kwenye kioo. Nimeweka kishale cha kipanya cha pikseli 16 kwa 16. Kwenye QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, kinakwenda vizuri. Nikiwasha mfumo huo huo kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba niliyonunua hapa mjini, yenye kioo cha 1366 kwa 768, kishale kinapepesa na kusuasua, tena kinaacha vipande vya picha ya zamani dirisha linapobadilika chini yake. Halafu kuna tatizo ambalo lipo hata kwenye QEMU: nikikisogeza hadi ukingo wa kulia, kipande chake kinatokea kushoto, na chini kabisa ya kioo mashine inaganda. Nataka pia programu ziweze kuweka vishale vyao zenyewe. Nitumie picha ya biti moja na maski (ramani ya pikseli zipi zichorwe), au rangi zenye alfa (kiwango cha kila pikseli kufunika kilicho chini yake)?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri kutoka QEMU na kwenda kwenye mashine yenyewe, tena mashine ya mtumba, kwa sababu hizo ndizo kompyuta zilizo mezani kwa watu wengi hapa Arusha na kule Moshi. Seva ya michoro ikiwa nyepesi juu ya mashine kama hiyo, mashine mpya haitaisumbua.

Kupepesa, kusuasua na yale mabaki vina mzizi mmoja: kishale chako unakichora ndani ya picha. Kwa dalili ulizozitaja, nadhani msimbo wako unafanya hivi kila kipanya kinaposogea: unarudisha mandharinyuma uliyoyahifadhi mahali pa zamani, unasoma mandharinyuma ya mahali papya kutoka kwenye kumbukumbu ya kioo na kuyahifadhi, halafu unachora kishale juu yake. Njia hiyo ni halali na ina historia ndefu. Macintosh ya kwanza, ya mwaka 1984, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu. Kioo chake kilikuwa cha pikseli 512 kwa 342, biti moja kwa kila pikseli, kwa hiyo picha nzima ilichukua baiti 21,888. Nakala ya pili ya picha hiyo ingekula karibu sehemu moja ya sita ya kumbukumbu yote ya mashine. Kwa hiyo kilihifadhiwa kile tu kilichofunikwa na kishale, na msimbo unaochora kwenye kioo ukawekewa nidhamu kali: kabla ya kuchora kishale kifichwe, kwa mwito kama HideCursor, na ukimaliza kionyeshwe kwa ShowCursor. Miito hiyo ilihesabiwa. Ukificha mara mbili, ilibidi uonyeshe mara mbili, ili kipande cha msimbo kilichomo ndani ya kingine kisikifichue kishale kabla ya wakati wake. Palikuwa pia na ShieldCursor, iliyokificha pale tu kilipogusa mstatili unaotaka kuchorwa.

Wewe umechukua hifadhi ile bila nidhamu yake, ndiyo maana unaona mabaki. Dirisha linachorwa upya chini ya kishale, hifadhi yako bado ina picha ya zamani, na kipanya kikisogea unaibandika ile ya zamani juu ya dirisha jipya. Unaweza kusambaza ficha na onyesha kila mahali kwenye msimbo, na wengi huanza hivyo, lakini sikushauri. Utasahau mahali pamoja. Na hata usiposahau, saa ndogo inayobadilisha sekunde chini ya kishale itakifanya kipepese kila sekunde.

Sasa kwa nini QEMU haikukuonyesha kusuasua? Kwa sababu ndani ya QEMU kumbukumbu ya kioo ni kipande cha kawaida cha kumbukumbu ya kompyuta inayoiendesha, na kuisoma ni haraka kama kusoma kitu kingine chochote. Kwenye mashine halisi, kumbukumbu ya kioo hupangwa kwa namna inayopendelea kuandikwa. Prosesa hukusanya maandishi kadhaa na kuyapeleka kwa mkupuo mmoja, hivyo kuandika kunakwenda vizuri. Kusoma hakupitii kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa. Kila usomaji unasubiri safari ya kwenda na kurudi, na prosesa inakaa bure hadi jibu lifike. Hali ni hiyo hata kama kadi ya michoro imo ndani ya prosesa na inakopa kumbukumbu ya kawaida, kama zilivyo nyingi za mtumba, kwa sababu kinachoamua kasi ni jinsi kumbukumbu hiyo ilivyopangwa. Kishale chako kina pikseli 256, nawe unazisoma zote kila kipanya kinaposogea. Kipanya cha PS/2, kiunganishi cha zamani, kwa kawaida hutuma taarifa hadi mara 100 kwa sekunde, na cha USB mara nyingi 125. Hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, na ningependa uiandike juu kabisa ya faili lako: kumbukumbu ya kioo haisomwi kamwe. Inaandikwa tu.

Hii inakulazimisha kuwa na nakala kamili ya picha katika kumbukumbu ya kawaida. Tuiite bafa ya nyuma. Kwa kioo chako ni 1366 mara 768 mara baiti 4, yaani baiti 4,196,352, kama megabaiti 4. Mwaka 1984 hilo lilikuwa jambo lisilowezekana. Kwenye kompyuta yako ni tone. Madirisha yote, mandhari ya meza, menyu na kila kitu kingine vinachorwa kwenye bafa ya nyuma. Kishale hakichorwi humo. Kichukulie kama nzi aliyetua juu ya kioo cha picha iliyotundikwa ukutani: akihama, hakuna kinachohitaji kufutwa kwenye picha yenyewe.

Kipanya kikisogea, seva inafanya kazi mbili. Mstatili wa zamani wa kishale unanakiliwa kutoka bafa ya nyuma kwenda kwenye kioo, na hapo kishale kimefutika bila kuhifadhi wala kurudisha chochote. Mstatili mpya unanakiliwa kwenye bafa ndogo ya muda, kishale kinachanganywa juu yake humo humo, kisha matokeo yanapelekwa kwenye kioo. Na dirisha likibadilika chini ya kishale, njia ni ileile: bafa ya nyuma inabadilika, na kila sehemu iliyobadilika ikienda kwenye kioo, seva inauliza kama inagusa mstatili wa kishale. Ikigusa, kishale kinachanganywa mwisho kabla ya kutoka. Yale mabaki hayatakuwa na mahali pa kutokea.

Kupepesa kunahitaji uangalifu mmoja zaidi. Kioo cha kawaida husoma kumbukumbu yake mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7 hivi, na hakikusubiri wewe umalize. Ukifuta kishale mahali pa zamani kisha ukakichora papya, kuna kitambo kidogo ambapo kishale hakipo popote. Kioo kikisoma sehemu ile wakati huo, jicho linaona pengo. Kipanya kikisogea polepole, mstatili wa zamani na mpya hutofautiana kwa pikseli moja au mbili tu, na hapo ndipo pengo linaonekana zaidi. Dawa ni kuiunganisha mistatili miwili inayopandana iwe mmoja mkubwa, uujaze kutoka bafa ya nyuma ndani ya ile bafa ya muda, uchanganye kishale mahali pake papya, kisha uuandike wote kwenye kioo kwa mara moja. Hakuna hatua ambayo kioo kinaonyesha kishale kimefutika. Kama mistatili haipandani, usiiunganishe: kipanya kikiruka pikseli 300 kwa mshazari, muungano wake ni eneo kubwa lisilo na sababu. Chora kwanza papya, kisha futa pa zamani. Kwa kitambo hicho kidogo jicho linaweza kuona vishale viwili, na hilo halisumbui kama kukosa hata kimoja.

Usichore ndani ya katizo la kipanya, yaani msimbo unaoitwa papo hapo kipanya kinapotuma taarifa. Katizo likusanye mwendo na kuondoka. Uzi wa seva ujumlishe mienendo yote iliyofika tangu mchoro uliopita na uchore mara moja. Na kwa PS/2 kumbuka kwamba mwendo wa wima ni chanya kwenda juu, wakati mistari ya kioo inahesabiwa kwenda chini. Inaelekea umeshalikuta hilo.

Tuje kwenye ukingo. Kumbukumbu ya kioo ni safu moja ndefu; mstari mmoja ukiisha, unaofuata unaanza. Pikseli ya kishale inayovuka ukingo wa kulia haina pengine pa kwenda ila mwanzo wa mstari ulio chini yake, ndiyo maana unaiona kushoto. Kwenye kioo chako kuna jambo la ziada. Upana wa 1366 mara 4 ni baiti 5,464, na kadi nyingi zinataka kila mstari uanze kwenye kigawe cha 64, kwa hiyo mstari huchukua baiti 5,504, sawa na pikseli 1,376. Pikseli 10 za mwisho hazionekani. Kishale cha upana wa 16 kikiwa kimesukumwa hadi mwisho, pikseli moja inaonekana kulia, 10 zinamezwa, na 5 zinatokea kushoto. Ukihesabu ukaona tano tu, ndiyo sababu. Hakikisha pia kwamba msimbo wa kishale unatumia urefu wa mstari uliopewa na kaneli (kiini cha mfumo endeshi) wakati wa kuwasha. Usijifanyie hesabu ya upana mara 4, kwani kwenye QEMU ya 1024 hizo mbili zinalingana na kosa linajificha.

Kuganda kule chini ni ndugu wa tatizo hilohilo. Pikseli zinazovuka mstari wa mwisho zinaandikwa nje ya kumbukumbu ya kioo. Kaneli yako inaelekea imefungua kurasa zinazotosha kioo tu. Baiti ya kwanza nje yake inaleta hitilafu ya ukurasa, seva inakufa, na wewe unaona mashine imeganda. Kaneli yenyewe inawezekana bado iko hai.

Tiba ya ukingo ni kukata kabla ya kuchora, na hapa kuna dhana ambayo haikwepeki: ncha. Kila kishale kina picha na kina ncha, yaani ile pikseli moja ndani ya picha ambayo ndiyo inayoelekeza. Mshale wa kawaida una ncha karibu na kona ya juu kushoto. Alama ya msalaba ya 16 kwa 16 ina ncha katikati, (8, 8). Mahali pa kipanya ni mahali pa ncha, na picha inaanzia nyuma yake:

kona_x = kipanya_x - ncha_x
kona_y = kipanya_y - ncha_y

Unachopaswa kukizuia kisitoke nje ya kioo ni ncha: 0 hadi 1365 kwa upana, 0 hadi 767 kwa kimo. Picha yenyewe iruhusiwe kutoka. Ukiizuia picha, mtumiaji hataweza kubofya pikseli za mwisho kulia na chini. Hii ina maana kwamba kona_x inaweza kuwa hasi. Msalaba ukiwa ukingoni kushoto, kona yake iko kwenye -8. Ukitumia namba zisizo na alama ya kutoa, za biti 32, hiyo -8 inageuka kuwa 4,294,967,288 na seva inakufa tena, safari hii upande wa kushoto. Tumia namba zenye alama, kisha ukate:

mwanzo_x = iliyo_kubwa(0, kona_x)
mwisho_x = iliyo_ndogo(upana_wa_kioo, kona_x + upana_wa_picha)

Vivyo hivyo kwa y. Kama mwisho haujazidi mwanzo, hakuna cha kuchora.

Swali lako la mwisho, biti moja au alfa, nitalijibu kwa urefu kidogo, kwa sababu utakutana na mafaili ya aina zote mbili.

Vishale vya zamani vilikuwa na picha mbili za biti moja, ya rangi na ya maski. Kwenye X11, mfumo wa madirisha wa Unix na Linux, maski inasema pikseli ipi ichorwe, na picha inasema ichorwe kwa rangi ipi kati ya mbili zilizochaguliwa. Kwenye mfumo endeshi wa BeOS, na Haiku iliyorithi mtindo huo, kishale cha zamani ni baiti 68 kamili: ya kwanza inataja ukubwa, 16, ya pili biti kwa pikseli, 1, mbili zinazofuata zinataja ncha, wima ikitangulia mlalo, kisha baiti 32 za picha na 32 za maski. Windows ilichagua njia nyingine. Maski yake ya kwanza inapigwa NA (AND) dhidi ya kilichopo kwenye kioo, kisha ya pili inapigwa AU-PEKEE (XOR). Sifuri na sifuri zinatoa nyeusi; sifuri na moja, nyeupe; moja na sifuri zinaacha kilichopo; moja na moja zinageuza rangi iliyopo kuwa kinyume chake. Huko kugeuza kulipendwa sana kwa alama ya kuandikia maandishi, kwa kuwa inaonekana juu ya nyeupe na juu ya nyeusi. Udhaifu wake uko katikati: kijivu cha 128 kikigeuzwa kinakuwa 127, na kishale kinapotea machoni. Mimi nachagua kishale cheusi chenye mzingo mweupe, au cheupe chenye mzingo mweusi, ambacho hakipotei popote.

Ukisoma mafaili ya biti moja, angalia mpangilio wa biti. Faili la XBM, la picha za biti moja za X11, linaweka pikseli ya kushoto kabisa kwenye biti ndogo ya baiti. Kishale cha BeOS kinaiweka kwenye biti kubwa. Ukikosea, picha haiharibiki yote: kila kundi la pikseli nane linageuka kushoto kulia, na mshale unaonekana kama umevunjwa katikati. Ukiona umbo hilo, usipoteze jioni nzima kwenye hesabu ya mistari. Sababu ni mpangilio wa biti.

Ushauri wangu kwa seva yako: ndani yake kuwe na aina moja tu, biti 32 kwa pikseli yenye alfa, rangi zikiwa zimeshazidishwa kwa alfa. Picha za biti moja zikubaliwe mlangoni, zigeuzwe mara moja kishale kinapopokewa, na baada ya hapo msimbo wa kuchora usijue kwamba maski ziliwahi kuwepo. Pikseli za kugeuza rangi haziwezi kuandikwa kwa alfa, kwa hiyo zigeuze ziwe nyeusi na uzizungushie nyeupe. Baada ya hapo kila pikseli, kwa kila mkondo wa rangi, ni mstari mmoja:

matokeo = kishale + chini * (255 - alfa) / 255

Kugawanya kwa 255 si lazima kuwe ghali. Weka t = chini * (255 - alfa) + 128, kisha chukua (t + (t >> 8)) >> 8. Jibu ni sawasawa na la mgawanyo uliokadiriwa vizuri, bila kugawanya hata mara moja.

Kuzidisha kwa alfa ndiko kunakowachanganya wengi, kwa sababu picha za PNG huhifadhiwa bila kuzidishwa. Chukua pikseli nyeupe ya ukingoni yenye alfa 128, chini yake pana 100. Ikizidishwa, nyeupe yake ni 128. Ongeza 50 inayotoka chini, unapata 178, rangi laini ya katikati kama unavyotaka. Usipoizidisha inabaki 255. Ongeza 50 unapata 305, ambayo haiingii kwenye baiti, na kinachobaki ni 49. Ukingo mweupe unapata madoadoa meusi. Madoadoa hayo yakikutokea kuzunguka kishale, rudi mlangoni pa seva uangalie kama picha ilizidishwa ilipoingia.

Sasa programu na vishale vyao. Kuchora ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuamua kishale ni cha nani. Programu ikituma picha, seva itengeneze nakala yake yenyewe, iipe namba, na ihesabu madirisha yanayoitumia. Usichore kamwe moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu mnayoshirikiana na programu: inaweza kubadilishwa katikati ya kuchora, au ikatoweka programu inapokufa. Kabla ya kunakili, pima. Upana na kimo visizidi kikomo ulichoweka, kwa sababu programu yenye nia mbaya inaweza kutuma kishale chenye ukubwa wa kioo kizima na kumchorea mtumiaji dirisha bandia la nywila. Upana mara kimo mara 4 ulingane na urefu wa data iliyofika, na zidisho hilo lifanywe kwa biti 64 lisije likafurika. Ncha iwe ndani ya picha.

Kishale kinachoonekana ni cha dirisha lililo chini ya ncha, isipokuwa kitufe kikiwa kimeshikiliwa. Hapo ni cha dirisha lililopokea mbofyo, hata kama ncha imetoka nje yake. Wayland, mrithi wa X11 kwenye Linux, imelifikiria hili vizuri: programu inayotaka kubadili kishale lazima itaje namba ya tukio la ncha kuingia kwenye dirisha lake. Programu ambayo haijaguswa na kipanya haina namba hiyo, kwa hiyo haiwezi kukinyakua kishale. Iga hilo. Na kuficha kishale kufungwe kwenye dirisha, kusiwe hali ya mfumo mzima, ili mchezo uliokificha ukianguka, mtumiaji asibaki bila kishale. Programu ikifa, rudisha mshale wa kawaida wa seva papo hapo.

Picha na ncha zibadilike pamoja, chini ya kufuli moja. Ukibadili picha kwanza na ncha baadaye, na uzi mwingine ukachora katikati, kishale kinaruka pikseli kadhaa na kurudi. Kosa hili hutokea mara chache na ni gumu kulinasa, kwa hiyo lizuie mapema: mwito mmoja unaobeba vyote viwili.

Vishale vinavyotembea, kama vya kusubiri, ni orodha ya picha na muda wa kila moja. Saa ya seva ibadilishe picha, mengine yote yabaki yalivyo.

Uwekee haya yote mlango mwembamba wa miito miwili: weka picha pamoja na ncha yake, na sogeza. Nakuomba hivyo kwa sababu ya hatua itakayofuata, kishale cha kadi yenyewe. Wazo hilo ni la zamani kuliko kompyuta nyingi tunazozikumbuka: Xerox Alto ya mwaka 1973 ilikuwa nacho, cha pikseli 16 kwa 16. Kadi inakihifadhi kishale pembeni na kukichanganya wakati inapeleka picha kwenye kioo, hivyo kumbukumbu ya kioo haiguswi kabisa. Kusogeza kunakuwa ni kuandika namba mbili kwenye rejista. Ukubwa wa kawaida ni pikseli 64 kwa 64, baiti 16,384. Picha ndogo inajaziwa uwazi pembeni. Linux ina njia ya draiva kutaja ukubwa wake, na isipotaja, 64 ndiyo inayochukuliwa. Kwenye QEMU unaweza kuanza na virtio-gpu, kadi ya michoro ya kuigiza, ambayo ina foleni ya pekee kwa ajili ya kishale, na amri zake ni zilezile mbili: badili picha, sogeza. Njia yako ya kuchora kwa programu usiitupe, kwani utaihitaji kishale kikizidi ukubwa unaokubaliwa na kadi, na kwenye mashine ambayo huna draiva yake. Kumbuka pia kwamba kishale cha kadi hakimo kwenye bafa yoyote, kwa hiyo picha ya kioo utakayoipiga itatoka bila kishale mpaka ukichanganye mwenyewe.

Kuhusu ukubwa: 16 kwa 16 inatosha kwa kioo chako, lakini chora na ya 32 sasa hivi ukiwa bado na umbo kichwani, kila moja kwa ncha yake. Kukuza picha ya 16 mara mbili kunaleta ngazi kwenye mshazari wa mshale, na mshazari ndio unaouona kwanza.

Utaratibu wa kazi ningeupanga hivi. Anza na kukata ukingoni, ni kazi ya jioni moja na itaizuia seva kufa wakati unajaribu mengine. Kisha bafa ya nyuma. Alfa na vishale vya programu vije baadaye. Ukifika kwenye bafa ya nyuma, andika programu ndogo inayojiendesha yenyewe, usitegemee mkono: ijaze meza kwa mistari myembamba ya kijivu, izuie madirisha yote yasibadilike, ichukue jumla ya hakiki ya bafa ya nyuma (namba moja inayokokotolewa kutoka baiti zake zote), ikipitishe kishale kwenye kingo zote nne na kona zote mara 10,000 huku ikibadili picha njiani, kisha ichukue jumla hiyo tena. Jumla mbili lazima zilingane. Zikitofautiana hata kwa baiti moja, kuna mahali ambapo kishale bado kinachorwa ndani ya picha. Ripoti mstari na safu ya baiti ya kwanza iliyobadilika, na itakupeleka moja kwa moja kwenye mwito wenye kosa. Hiyo programu iendeshe kwenye QEMU na kwenye mashine ya mtumba, zote mbili, kila unapogusa msimbo wa kishale.